Herufi w iliyodondoka: kisa cha mtoto wa dirishani

Sentensi niliiandika mwenyewe ubaoni, maneno matatu tu: Bibi anakunywa chai. Mtoto akasimama, akachukua fimbo ya kuelekezea, akasoma "Bi-bi" bila wasiwasi, akaendelea "a-na-ku", akasita, akameza mate, kisha akamalizia "nya". Bibi anakunya chai. Darasa la watoto 83 likaangua kicheko, wengine wakagonga madawati. Yeye hakucheka wala hakulia. Aliirudisha fimbo mahali pake, akaenda kukaa kwenye dawati lake la karibu na dirisha, na kwa muda wa karibu wiki tatu kila nilipomwita asome aliniambia, "Mwalimu, kichwa kinaniuma."

Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga. Jina la mtoto huyu silitaji. Nitamwita mtoto wa dirishani. Nimeamua kukiandika kisa chake kirefu kwa sababu najua katika madarasa yetu wamo wengi wa aina yake: watoto wanaojua herufi zote, wanaosoma "kitabu" na "mtoto" kama maji, halafu wakifika kwenye silabi mwambatano, zile zenye konsonanti zaidi ya moja zilizofuatana, wanaanguka. Sisi walimu tunaandika mkasi mwekundu wa kosa, tunasema "rudia", basi. Nilifanya hivyo kwa muhula mzima kabla ya siku ile ya kicheko.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumpa imla peke yake. Tulikaa chini ya mwembe wakati wenzake wako mapumzikoni, yeye na daftari lake, mimi na maneno 20. Sikumsahihisha hata neno moja. Alipata 11. Mkate, mtoto, mwalimu, nyama, chaki, kwetu, shoka, haya yote aliandika sawasawa bila kufuta. Yaliyobaki aliyaandika hivi: ndizi akaandika "dizi", shamba akaandika "shaba", njia "jia", kunywa "kunya", nywele "nyele", mchwa "mcha", mbwa "mba", chungwa "chuga", na ng'ombe "ngobe".

Nililitazama lile daftari jioni nzima. Kwanza nilifikiri mtoto anaandika ovyo, lakini mtu anayeandika ovyo hukosea kila mara kwa namna yake. Huyu alikosea kwa utaratibu. Kila palipokuwa na w nyuma ya konsonanti mbili, w ilidondoka: kunywa, nywele, mchwa, mbwa, chungwa. Na kila palipokuwa na m au n iliyogandamana na b, d, j au g, ile m au n ilidondoka, isipokuwa kwenye mbwa: ndizi, shamba, njia, chungwa, ng'ombe. Chungwa lilipigwa pande zote mbili, ndiyo maana likabaki "chuga". Na hapa Muheza chungwa si neno la kubahatisha. Mtoto huyu analelewa na bibi yake, na bibi anauza machungwa kando ya barabara iendayo Segera. Neno hilo analisikia kutwa.

Kwa hiyo mbele yangu kulikuwa na magonjwa mawili, na mimi nilikuwa nayatibu kwa mkasi mmoja mwekundu.

Nianze na ile n. Nilimwambia mtoto apige makofi kwa kila kipande cha neno. Mtoto: makofi matatu, m-to-to. Mtu: makofi mawili, m-tu. Ndizi: makofi mawili, ndi-zi. Shamba: mawili, sha-mba. Hakukosea hata neno moja. Sikio lake ni zima kabisa. Tena sikio hilo hilo ndilo linalompotosha anapoandika, na nikieleza utaona kwamba ana haki.

Katika "mtoto", m inasimama peke yake kama silabi. Ina kofi lake, kwa hiyo mtoto anaitafutia herufi yake. Katika "ndizi", n haina kofi lake. Imeganda kwenye d, sauti moja inayoanzia puani na kumalizikia kwenye ufizi. Isitoshe, d yetu ya "dada" na d iliyo ndani ya "ndani" hazifanani sana mdomoni. Ya "dada" Mswahili huitamka kama anavuta hewa kidogo kwa ndani, ilhali ile ya "ndani" haina mvuto huo. Mtoto anasikia kitu kimoja, anatafuta herufi moja, na herufi iliyo jirani zaidi ni d. Anaandika "dizi". Mimi niliyesoma ualimu ndiye niliyezoea kuona herufi mbili, hata nikadhani kila mtu anazisikia mbili.

Hapa kuna jambo ambalo linanifurahisha kila nikilifikiria. Neno "mbuni" tunaliandika kwa namna moja tu, lakini ukimtaja ndege yule mkubwa asiyeruka unapiga makofi mawili, mbu-ni, na ukiutaja mti wa kahawa unapiga matatu, m-bu-ni. Maandishi hayasemi ni lipi. Msomaji mzoefu anaamua kwa maana ya sentensi, wala hajui kwamba ameamua. Mtoto wa miaka minane tunamtaka aamue hivyo kila siku, kwenye kila neno linaloanza na mb.

Ugonjwa wa pili, wa w, chanzo chake nilikikuta ukutani mwa darasa langu. Pale nimebandika chati ya silabi: ba be bi bo bu, na kuendelea. Chini yake mna cha, sha, nya, kisha kwa, mwa, bwa. Chati inaishia hapo. Safu za konsonanti tatu, nywa, mbwa, ngwa, ndwa, chwa, sikuwahi kuzibandika, kwa sababu nilizifundisha wiki mbili za mwisho wa muhula, mbio mbio, mitihani ikiwa mlangoni. Mtoto wa dirishani alijifunza kile nilichomfundisha: silabi haizidi konsonanti mbili na irabu. Alipokutana na ya tatu hakuwa na mahali pa kuiweka, akaiacha.

Nikaona dawa ni rahisi. Nikaandika safu mpya ubaoni, nywa nywe nywi nywo nywu, darasa zima likaimba kwa siku nne. Mtoto wa dirishani aliimba vizuri kuliko wengi. Ijumaa nikampa "kunywa", akaandika "kunya". Kuimba safu alikuwa anaimba, ila macho yake hayakuwa kwenye herufi. Halafu nikajiuliza, hiyo nywo na nywu niliyokuwa nawaimbisha watoto 83 iko kwenye neno gani? Sikupata hata moja. Baada ya konsonanti w yetu hukaa zaidi na a, e na i: kwa, kwenda, kwisha. Nilikuwa nawabebesha mizigo isiyo na soko, na mpaka leo nawasihi wenzangu waziache safu za namna hiyo.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kafanya nini huyu?"

Nikamwambia hajafanya kosa, nimekuja kuuliza wanasomaje nyumbani. Bibi akafurahi. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha miaka ya 1970, wakati nchi nzima ilipokuwa kwenye kampeni ya elimu ya watu wazima, na kila jioni humkalisha mjukuu wake karibu na taa. Akanionyesha. Akaweka kidole kwenye neno mbwa: "Mu, bu, wa. Mbwa!" Kisha kunywa: "Ku, nu, yu, wa. Kunywa!"

Alikuwa anafanya kazi njema, kwa moyo wote, na sikutaka kumvunja. Lakini kwa njia hiyo kila konsonanti inapewa irabu isiyokuwepo, na mtoto aunganishe "nu-yu-wa" mpaka ipatikane "nywa", jambo ambalo hata mimi siliwezi. Anachofanya ni kubahatisha, na akikosa anaacha. Nilimwambia bibi, "Tuanzie nyuma. Mwambie aseme 'wa' kwanza. Halafu 'bwa'. Halafu afumbe mdomo mbele yake: mbwa." Bibi akajaribu mwenyewe mara tatu, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Ee, hii inateremka." Tangu hapo tulifundisha kwa namna moja, yeye nyumbani na mimi shuleni. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa mwaka 2015 ulitutaka tufundishe sauti ya herufi kabla ya jina lake, na ni jambo jema sana, ila waliotuachia watoto asubuhi hakuna aliyewaeleza.

Kilichomfungua mtoto, hata hivyo, kilikuja kwa njia ya mpira. Ilikuwa Jumatatu, na timu ya darasa la pili ilikuwa imecheza na darasa la tatu siku ya Ijumaa ikashinda. Yeye alikuwa golikipa. Nikamwita mbele ya daftari, nikaandika: Sisi tumefungwa. Nikamuuliza imeandikwaje. Akasoma, "Sisi tumefunga." Nikamwambia soma tena, tazama kila herufi. Akafuata kwa kidole, f, u, ng, akafika kwenye w, kidole kikasimama. Akanitazama usoni kama mtu aliyedhulumiwa.

"Mwalimu, hapana! Tumefunga! Hatujafungwa!"

"Sasa hiyo w inafanya nini hapo?"

"Ifute!"

Nikampa kifutio. Akaifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikapauka. Kisha nikamwomba aandike habari za darasa la tatu. Akaandika: Wao wamefungwa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuiona w yake imesimama mahali pake nyuma ya ng.

Nilirudi kwenye dawati langu moyo unanidunda. Muhula mzima nilikuwa nimemfundisha w kama herufi ya kupachikwa, kumbe ni herufi anayoijua kuliko mimi ninavyofikiri. Mtoto wa Kiswahili anajua kupiga na kupigwa tangu hajatimiza miaka mitatu. Hajawahi, hata siku moja, kuja kwangu analia na kusema "nimepiga" akiwa na maana kwamba amepigwa. Na silabi zetu mwambatano zenye konsonanti tatu, nyingi sana zinazaliwa hapo hapo, kwenye kutendwa: penda na pendwa, funga na fungwa, chinja na chinjwa, imba na imbwa, chanja na chanjwa, shinda na shindwa. Ukiidondosha w hujakosea tahajia peke yake, umembadilisha mtendaji. Kuku amechinja. Nani tena atakula kuku huyo?

Wiki mbili tuliishi kwenye jozi hizo. Mimi naandika sentensi, yeye anasema ni kweli au si kweli, kisha anaiandika iwe kweli. Mbuzi amechinja: si kweli. Wimbo umeimba: si kweli. Hapo pia nilimpa simu yangu, nikafungua kamera ya mbele ili iwe kioo, nikamwambia aseme "funga" na "fungwa" akijitazama midomo. Aliona mwenyewe kwamba kwenye "fungwa" midomo inajikusanya kama ya mtu anayetaka kupuliza moto, kabla haijafunguka kwa a. "Mwalimu, w inaonekana!" alisema. Baada ya hapo, akishuku neno, nilikuwa namwona anasogeza midomo kimya kimya kabla kalamu haijagusa karatasi. Nywele. Mchwa. Kunywa tuliiacha mpaka mwisho, wawili tu chini ya mwembe, nikamwandikia maneno yote mawili sambamba bila kuficha kitu. Aliangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Hili ndilo walilolicheka." Ndiyo, nikamwambia, tofauti yake ni midomo kujikusanya. Akaliandika mara tano bila kuambiwa.

Ile n ilikuwa ngumu zaidi, na sababu yake ni wazi: haina kazi ya kisarufi anayoihisi, imeganda tu ndani ya neno. Hapo nilitumia pua. Nilimwambia aseme "dada" akiwa amebana pua kwa vidole viwili. Inatoka kama kawaida. Kisha aseme "ndani" akiwa amebana. Inakwama, inatoka kama ya mwenye mafua. Vivyo hivyo "shaba" na "shamba", "jaa" na "njaa", "aga" na "anga". Sheria yetu ikawa: pua ikikwama kuna herufi ya puani, itafute, ni m au ni n. Vifuniko vya soda vilinisaidia sana. Ndani ya kila kifuniko nilibandika kikaratasi chenye sauti, na kwa "nd", "mb", "nj" na "ng" niliweka herufi zote mbili kwenye kifuniko kimoja. Ile m ya "mtu" ilikuwa na kifuniko chake peke yake. Wapo wenzangu walioniambia mtoto atachanganyikiwa, kwamba herufi ni herufi. Mimi nashikilia kwamba kifuniko kimoja kwa sauti moja ndicho kinachofanana na anachosikia, na kwamba kuzitenganisha herufi kunaweza kusubiri hadi mkono wake utakapozoea kuziandika pamoja.

Ikafuata wiki iliyonitia hofu. Daftari lilirudi na "ndada", "mbaba", "kitambu", na mahali pamoja "kukwu". Alikuwa anapachika n, m na w kila mahali, kama mtu aliyepewa chumvi kwa mara ya kwanza. Nilikaribia kusema tumeharibu hata alivyokuwa anavijua. Lakini nilipotulia niliona kwamba mtoto ambaye jana alikuwa haoni kabisa kuna kitu pale, leo anajua kipo, ila hajui kiko wapi. Sikuweka mkasi. Nilimwambia tu, "Iulize pua." Akabana, akasema "dada", ikatoka. Akafuta n. Ilichukua siku kama nane zikapungua zenyewe.

Nitaje kwa ufupi mambo mawili ambayo hayakuwa yake lakini yalijitokeza kwa wenzake. Yuko mtoto aliyehamia kwetu kutoka Kigoma, anaandika "mutoto" na "mutu". Huyo hana tatizo la silabi. Anaandika kama kwao wanavyosema, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, Kiswahili cha watu wengi kinasema hivyo hivyo. Anahitaji kuambiwa jinsi tunavyoandika vitabuni, wala asifanyiwe mazoezi ya mtoto wa dirishani. La pili ni maneno ya kigeni kama brashi, trekta na plastiki. Watoto wengi wanaandika "burashi" na "palastiki". Sivipigii kelele sana. Kiswahili chenyewe kilifanya hivyo, ndiyo maana wapo wanaosema klabu na wapo wanaosema kilabu. Silabi yetu inapenda kuishia na irabu, na mtoto anaifuata lugha yake. Hayo tutayafikia.

Mwezi Novemba nilimpa imla nyingine ya maneno 20, magumu kuliko yale ya kwanza. Alipata 16. Manne aliyokosa ni haya: ng'ombe aliandika "ngombe", akaacha ile ritifaa ya juu inayotuambia kwamba g haitamkwi, trekta aliandika "tarekta", mbwembwe aliandika "mbwebwe", na kuchanjwa akaandika "kuchajwa". Tazama hayo mawili ya mwisho. W zote zipo. Kilichodondoka ni m na n za katikati ya neno, pale ambapo pua inapita haraka kati ya silabi mbili na mtoto hana muda wa kuibana.

Kusoma mbele ya darasa alianza tena mwenyewe, siku ambayo sikumwita. Alisimama kusoma matokeo ya mechi aliyoyaandika, na fungwa yake aliitamka kwa nguvu kiasi kwamba darasa la pili lote lilishangilia.

Amepanda darasa la tatu sasa. Daftari lake la imla nilimkabidhi mwalimu wake mpya, na kwenye jalada la ndani nimeandika kwa penseli: "W amepona. M na n za katikati bado, hasa kwenye mbw, njw na ndw. Usimwimbishe safu. Mwambie abane pua, aseme polepole, na umpe sentensi za mpira."